Springi Ipimwe kwa Mizani

“Mjomba, gari la spoti lazima liwe gumu,” mpwa wangu aliniambia siku tulipofunga springi za mbele. Nikamkubalia. Tulikuwa tumeunga fremu ya mabomba kwa mikono yetu hapa Malolo, nyuma ya ghala la vitunguu. Injini ya Toyota Starlet kuukuu tuliiweka nyuma ya viti, springi na shokapu tukachukua za gari hilohilo. Tuliamini kagari ka watu wawili, kalikolala chini, kanapaswa kukaa kama jiwe.

Barabara ya vumbi inayotutoa Malolo kwenda barabara kuu ya Iringa ilitukosoa siku ya kwanza. Kwenye kona moja udongo umejikunja vijituta vidogo vidogo, na magurudumu ya mbele yakawa yanaruka kutoka kituta hadi kituta. Gurudumu lililo hewani halikati kona. Usukani ulikuwa mikononi mwangu lakini gari lilikwenda lilikotaka, tukasimama tairi moja likiwa ndani ya mfereji. Hatukuumia. Usiku ule sikulala vizuri, maana kijana wa dada yangu alikuwa pembeni yangu.

Tangu hapo nina msimamo mmoja, na nausema kwa kila kijana anayejenga au kubadili gari: springi huchaguliwa kwa uzito wa gari, na shokapu huchaguliwa kwa springi. Jina la gari na umbo lake havina kauli hapo.

Sisi wakulima wa vitunguu tunaujua uchungu wa kukadiria kwa macho. Mnunuzi anakuja na lumbesa, gunia lina kichwa kirefu kuliko kiwiliwili, na analiita gunia moja. Tunalalamika, na ni haki yetu kulalamika. Halafu mkulima huyohuyo anayelalamika anaingia duka la spea, anaishika koili, anaitazama unene wake, anasema “hii ngumu, inafaa,” na analipa. Hiyo nayo ni lumbesa.

Sisi tulikwenda kuazima mizani ya magunia. Tuliweka gurudumu moja juu ya mizani, mengine matatu tukayainua kwa mbao hadi usawa uleule, nasi wawili tukakaa kwenye viti huku jirani akisoma. Kila gurudumu la mbele lilibeba kilo 150, la nyuma 195. Ukiondoa gurudumu lenyewe na vyuma vinavyotembea nalo, kama kilo 25, springi ya mbele inabeba kilo 125. Kisha tukaisimamisha springi ya Starlet wima, juu yake tukaweka ubao na mfuko wa saruji wa kilo 50. Ikabonyea milimita 25, yaani kilo 2 kwa kila milimita. Chini ya Starlet nzima springi hiyo ina mzigo wa kutosha na gari linakwenda kwa raha. Chini ya gari letu ilibonyea milimita 62 tu, na shokapu ikitolewa, gari linadunda kama mara 20 kwa sekunde 10. Gari la kawaida la abiria hudunda mara 10 hadi 15.

Tulitafuta kwenye vyuma chakavu tukapata koili za kagari kadogo. Mfuko uleule ukazibonyeza milimita 40. Sasa gari linakaa milimita 100 ndani ya springi, linadunda mara 16, na kwenye ile kona ya mfereji linapita limeshika ardhi.

Shokapu wengi hawaielewi. Kubeba uzito wa gari si kazi yake. Yenyewe huzuia mdundo, mafuta yakipenya kwenye matundu madogo na kugeuza mwendo kuwa joto. Ikiwa kali kuliko springi, gurudumu linapanda kwenye tuta la kwanza na halijawahi kushuka tuta la pili limefika. Gari linazama kidogo kidogo hadi linakalia raba za kuzuia springi isibonyee zaidi. Anayetaka kuona hilo apite kwenye rasta kwa shokapu za gari zito. Ndiyo maana tulipobadili springi tulibadili na shokapu.

Na tafadhali, usikate koili ili gari lishuke. Koili yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiikata mmoja na nusu, inaongezeka ugumu kwa theluthi moja. Ukiichoma kwa gesi, chuma kinapoteza nguvu yake.

Waliojenga magari mepesi tangu zamani walilijua hili. Colin Chapman wa Uingereza alitoa Lotus Seven mwaka 1957, gari ambalo mnunuzi angeweza kuliunga mwenyewe nyumbani. Elan yake ya 1962 ilisifiwa kwa kukata kona huku ikiwa na springi laini. Hapa kwetu, mwaka 2022 mchoraji katuni Masoud Kipanya alionyesha gari lake la umeme, na tangu wakati huo nimekuwa nikiulizwa na vijana kuhusu injini, rangi na rimu. Kuhusu springi hakuna aliyeniuliza.

Ombi langu ni dogo. Wenye maduka ya spea, andikeni kwa chaki kwenye kila koili inabonyea milimita ngapi kwa kilo 50. Ni kazi ya dakika tano na mfuko mmoja wa saruji. Walimu wa ufundi, kuanzia hapo VETA Mikumi hadi karakana za mtaani, wapeni vijana mizani kabla ya spana. Nawe unayejenga gari lako nyuma ya nyumba, mizani ya vitunguu ipo Malolo. Njoo uiazime.