Uchunguzi wa gari ulipiwe kabla ya kipuri

Mkulima wa Ilula anayepeleka nyanya sokoni Iringa kwa pikapu kuukuu hana muda wa kubahatisha. Injini ikichemsha njiani, matenga ya nyanya hayamsubiri fundi. Ndiyo maana wengi hukubali neno la kwanza wanaloambiwa gereji: gasketi imeungua, hedi ifunguliwe.

Huenda ni kweli. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa, au mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, ni dalili za gasketi kuungua. Lakini injini huchemsha pia kwa sababu ya mfuniko wa rejeta uliochoka, mkanda wa feni uliolegea, themostati iliyoganda au rejeta iliyoziba. Vyote hivyo hukaguliwa bila kugusa hedi. Fundi anayeanzia kwenye hedi anafanya majaribio kwa fedha ya mwenye gari.

Ni vema basi malipo ya uchunguzi yakatengwa na ya matengenezo, na mwenye gari akaoneshwa kipuri kibovu kabla ya kununua kipya. Baadhi ya mafundi watanuna. Wanune.

Lipo pia suala la hesabu. Wengi huhesabu mafuta na ushuru wa soko tu. Anayetenga sh 5,000 kila safari, kwa safari tatu kwa wiki, atakuwa na sh 390,000 katika wiki 26. Fedha hiyo itolewe kabla faida haijahesabiwa. Na ikiwa mafuta na matengenezo ya mwaka yanazidi gharama ya kukodi gari kwa mizigo ile ile, pikapu hiyo iuzwe.