Gari Limebonyea: Sema, Usifiche



Hapa Goma hakuna kamioneti inayodumu na rangi yake. Tunatembea juu ya mawe ya volkano: lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 ilifika ziwani karibu na Sake. Mawe hayo ni makali. Gari la mbele linayarusha, nayo yanachubua kifuniko cha moteri na milango. Tena moshi wa volkano unatia asidi katika mvua, na chuma kilichochubuka kinashika kutu upesi. Akina mama wanajua, mabati ya nyumba yamewaonyesha. Kwa michubuko hiyo dereva hana kosa. Ipakwe rangi mapema, yatosha.

Kubonyea ni jambo lingine. Kijiwe hakibonyezi mlango. Hapo palikuwa na ukuta, nguzo au chukudu, na mwenye chukudu alikuwa karibu.

Mwaka 1931 Mmarekani H. W. Heinrich, mtu wa kampuni ya bima, aliandika kwamba kwa kila ajali moja ya kuumiza vibaya, kuna 29 za kuumiza kidogo na 300 zisizoumiza mtu. Wataalamu wamebishana sana juu ya hesabu hiyo. Lakini bati lililobonyea ni ajali ambayo safari hii haikuumiza mtu.

Mbona basi linafichwa? Dereva anakwenda usiku kwa fundi wa bati mtaani, linagongwa, linapakwa rangi, asubuhi gari linang'aa. Anaogopa kukatwa mshahara. Nasema wazi: shefu anayekata mshahara kwa kila bati anafundisha watu kuficha. Na fundi yule hakutazama fimbo ya usukani wala mpira wa freni nyuma ya gurudumu. Kesho gari hilo linashuka milima ya Masisi kuelekea Sake, wafanyakazi wamekaa nyuma.

Maoni yangu: anayesema siku ile ile asikatwe hata faranga moja, na gari lipimwe chini kabla ya kutoka. Anayeficha aadhibiwe. Kila asubuhi dereva azunguke gari lake, aandike katika daftari.

Nawe mama, ukiona pesa ya unga inakwenda usiku kwa fundi wa bati, muulize mumeo amegonga nini.