Oili inavuja wapi hasa?

Mhariri,

Gari langu la Kijerumani, mtumba wa Japani, lilianza kunuka oili ya kuungua kila niliposimama kwenye foleni ya Ubungo. Gereji moja yenye sakafu ya vigae ikaniambia injini ishushwe, bila hata kufungua boneti! Nikalipeleka kwa fundi mwingine, wa mtaa wa Gerezani; yeye aliiosha injini kwanza, akaniambia nilitembelee siku mbili, kisha akamulika tochi: oili ilianzia juu, kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, mpira umekakamaa kwa joto, ikichuruzikia ekzosi. Alipoweka gasketi mpya, boliti alizikaza kwa spana ya kipimo, maana kifuniko ni cha plastiki na hupasuka zikikazwa mno. Wenye magari haya, kabla ya kuacha ufunguo ulizeni: mtaosha injini kwanza? Ile gereji ya vigae bado inanidai hela ya “uchunguzi”.

Msomaji,
Dar es Salaam