Mashahidi wa Ouko wapimwe kwa walichokiona

Kila Februari mabishano kuhusu kifo cha Robert Ouko hufufuka hapa Kisumu, na kila mwaka huenda vile vile. Mmoja akimtaja shahidi, mwenzake humkatiza: "Yule? Si alikuwa mfanyakazi wa nyumbani tu!" Akitajwa mgeni kutoka Ulaya, atatokea wa kusema alilipwa. Watu hutawanyika kila mtu na shahidi wake, na aghalabu hakuna aliyeuliza shahidi huyo alikuwa amesimama wapi na aliona nini. Nilikuwa hakimu hadi nilipostaafu, na jambo hili linaniuma.

Yasiyobishaniwa ni machache. Ouko, waziri wa mambo ya nje, alikuwa nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, kisha akatoweka. Tarehe 16 ikajulikana kwamba mwili wake umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na nyumbani, ukiwa umeungua na una jeraha la risasi kichwani. Upande wa serikali ulivumisha kwamba alijiua. John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard aliyeletwa mwezi huo huo, akahitimisha kwamba aliuawa.

Shahidi anayedharauliwa zaidi ni kijana mchunga ng'ombe. Yeye alisema aliuona mwili huo mchana wa tarehe 13, siku tatu kabla taifa halijaambiwa. Wanaomkataa huuliza, mbona alinyamaza? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ni kweli. Lakini kortini nilijifunza kwamba njia ya mwoga nayo hupinda, na anayeitazama kwa mbali hudhani ni ya mwongo. Ilikuwa Kenya ya chama kimoja, watu wakiwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mtoto wa maskini amekuta maiti imeungua, bastola iko kando yake. Amwendee nani? Nimewaona waliokimbilia kituo cha polisi kutoa habari za maiti wakaishia kulala rumande kama washukiwa. Kunyamaza kwake kunanieleza hofu yake, basi. Na maneno yake hayakumpa shamba wala cheo. Yakikubaliwa, yanatuambia jambo zito sana: Ouko hakufichwa mahali siku tatu, aliuawa saa chache baada ya kutoka kwake.

Mfanyakazi wa nyumbani kwa Ouko naye alisema alisikia kishindo usiku wa manane, akachungulia dirishani, akaona gari jeupe likiondoka. Namwamini. Namwamini kwa gari hilo, wala siongezi abiria. Kwenye mabishano ya mtaani gari hilo limekwisha kujazwa watu: mara wakubwa wa usalama, mara mawaziri, kila msimulizi akimpakia adui yake. Mwanamke aliyeamshwa na kishindo gizani anaweza kuona rangi ya gari. Tukimlazimisha aone nyuso za waliomo, tutakuwa tumemwonea mara mbili: kwanza kwa kumdharau, kisha kwa kumtwika maneno.

Wala shahidi asitupwe kwa kosa dogo. Nakumbuka kesi moja ya wizi wa ng'ombe. Bibi mzee alikosea tarehe, akakosea hata siku ya wiki, na wakili wa utetezi akamchezea mbele ya watu hadi wengine wakacheka. Lakini alipoulizwa habari za ng'ombe wake, alitaja alama ya sikio, kovu la pembe na jinsi anavyochechemea. Ng'ombe akaletwa uani. Yote yalikuwepo. Mtu anaweza kukosea kalenda na bado akawa mkweli kuhusu mali yake.

Wako pia wale wageni wawili kutoka Ulaya, wa kampuni ya BAK, ambao Troon aliyapa uzito madai yao kwamba rushwa katika mradi wa kiwanda cha molasi Kisumu ndiyo iliyomponza Ouko. Hapa nakaza mkono. Kampuni yao ilikuwa ikiidai serikali ya Kenya fedha, na mmoja wao alikuwa amewahi kutiwa hatiani kwao Italia kwa udanganyifu. Hayo hayafanyi kila neno lao kuwa uongo. Lakini shahidi mwenye deni la kudai huaminiwa pale tu karatasi za watu wengine zinapomuunga mkono, na mimi siwezi kumtia mtu hatiani kwa mauaji kwa maneno yao matupu.

Kosa kubwa kuliko yote halikuwa la shahidi yeyote. Tume ya Jaji Evans Gicheru, iliyoundwa Oktoba 1990, ndiyo iliyokuwa ikiwasikiliza watu hawa kwa kiapo huku mawakili wakiwahoji. Novemba 1991 Rais Moi aliivunja kabla haijamaliza kazi. Tangu hapo tunabishana kwa ushahidi ambao haukuhojiwa hadi mwisho. Nicholas Biwott, aliyekuwa waziri, na Hezekiah Oyugi, aliyekuwa katibu mkuu wa usalama wa ndani, walikamatwa, wakaachiliwa bila kushtakiwa. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, alishtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiliwa huru na mahakama mwaka 1994. Kamati ya Bunge ya Gor Sunguh iliundwa mwaka 2003, wakati kumbukumbu zilikwisha kuchanganyika na magazeti ya miaka kumi na tatu, na ripoti yake ilipofika Bungeni mwaka 2010 wabunge waliikataa.

Kwa hiyo, yanapokinzana maneno ya mtu yule yule, mimi naanza na aliyoyasema 1990, uoga wake ukiwa bado mbichi, kabla ya yale aliyoyakumbuka 2004 mbele ya kamera.

Wengi wa mashahidi wamekwisha kufariki. Wewe uliyekuwa Koru au Muhoroni wiki ile na bado una pumzi, nenda kwa wakili, andika ulichokiona kwa macho yako, uapie na utie sahihi. Usiongeze ulichosikia kwa jirani. Hata kama ni gari tu lililopita, liandike.