Njoo na Maji Yako Taru: Wito kwa Wenye Magari Madogo

Ndugu yangu mwenye Vitz, Passo, Demio, March au gari lolote dogo la mjini, huenda hujawahi kushuka hapa Taru. Umetupita tu ukitoka Mombasa kwenda Voi au Nairobi, baada ya Samburu na kabla ya Mackinnon Road, pale minazi ilipokwisha na vichaka vya miiba vikashika pande zote mbili za lami. Nina ombi kwako, na nalitoa kwa mapenzi: zishughulikie hitilafu ndogondogo za gari lako ukiwa bado nyumbani, ili usije ukalazimika kupiga hodi kwa jirani zangu kuomba maji.

Ombi hili lina sababu. Taru iko Kinango, upande mkavu wa Kwale. Mvua ikikosa msimu mmoja, mabwawa ya udongo hukauka, na akina mama hutembea mwendo mrefu wakitafuta maji ya kujaza mitungi ya lita 20. Visima vya kuchimbwa vipo, lakini maji yake mengi yana chumvi. Sasa fikiria gari limechemsha kando ya barabara saa nane mchana. Boneti iko juu, mvuke unafoka, watoto wamekimbilia kivuli cha mgunga. Dereva anavuka lami na chupa tupu mpaka boma la kwanza. Mama mwenye nyumba hamnyimi, maana mgeni hanyimwi maji. Anachota mtungini kikombe baada ya kikombe, lita moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Ikiwa rejeta inavuja, baada ya kitambo kidogo dereva amerudi tena. Maji hayo yalikuwa ya sima ya jioni na ya kumwogeshea mtoto. Dereva huacha noti ya shilingi mia, naye mama huipokea na kushukuru, lakini atakayerudi bwawani ni yeye.

Ukavu huu haukuanza leo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara iliiogopa nyika ya Taru, na wapagazi walitegemea ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayotunza maji ya mvua. Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Uskoti, alipita hapa mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamaasai. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika nyika hii, maji ya wajenzi yalilazimika kuletwa kwa treni. Waliotutangulia walijua kwamba Taru hupitwa kwa matayarisho. Lami imetusahaulisha jambo hilo, nami naomba tulikumbuke.

Labda utauliza: mbona gari langu lazunguka Ukunda na Diani mwaka mzima bila tatizo, kwa nini liumbuke Taru? Jibu liko katika kazi unayolipa. Mjini linakwenda dukani, shuleni, hospitali ya Msambweni na kurudi. Injini haikai kwenye moto muda mrefu. Rejeta iliyoziba nusu hutosha, mfuniko uliochakaa hutosha, mpira unaotoa jasho la maji tone kwa tone hutosha, kwa kuwa hukawii kufika. Siku ya safari unapakia watu watano na mizigo, unawasha eisi, unapanda mwinuko mrefu kutoka baharini, na mara unajikuta unatambaa nyuma ya msururu wa matrela kutoka bandarini. Kasoro zote zilizokuwa zimejificha hujitokeza siku hiyo. Na tangu barabara ya Dongo Kundu iiunganishe pwani ya kusini na Miritini, mtu wa Diani hufika barabara kuu ya Nairobi bila kupanda feri ya Likoni. Ni neema kubwa, lakini imefanya vigari vingi vilivyozoea safari fupi viingie safari ndefu kwa ghafla.

Tukumbuke pia umri wa magari yetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza lilikotoka. Kwa hiyo Vitz ya mwaka 2006 iliyoshuka Mombasa mwaka 2013 ilikuwa tayari imetumika Japani, na leo huenda iko mikononi mwa mmiliki wa tatu au wa nne. Bado ni gari zuri. Hunywa mafuta kidogo, spea zake zinapatikana, fundi wa kila mji anaijua. Mwalimu, muuguzi na muuza samaki wameweza kumiliki gari kwa sababu yake. Inastahili kutunzwa kama mzee anavyotunzwa: kwa kuangaliwa mara kwa mara, kabla hajalalamika.

Basi nakuomba utenge muda kidogo kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi. Huhitaji kuwa fundi. Anza na maji. Fungua mfuniko wa rejeta na utazame: maji yafike juu, yawe na rangi safi ya kulanti. Ukiyaona ya kahawia kama chai, kutu imeshaingia. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, au iliyochanganywa tayari kiwandani. Maji ya kisima chenye chumvi yaogope, kwa sababu injini za magari haya zina alumini nyingi: chumvi huila alumini, na magamba yake huziba vijia vya rejeta. Ikibidi kutumia maji matupu, maji ya mvua ni bora.

Uangalie na huo mfuniko wenyewe. Kazi yake ni kuyafungia maji kwa shinikizo ili yasichemke yafikapo nyuzi 100. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji huchemka mapema na kumwagika, nawe utamlaumu fundi, utailaumu rejeta, utalilaumu jua la Taru, kumbe ni kidude cha bei ndogo. Kisha binya mipira ya rejeta kwa vidole. Iliyo mizima ni migumu kiasi na inarudi mahali pake. Iliyolainika kama andazi, au yenye nyufa karibu na klipu, ibadilishe kabla ya safari.

Baada ya hapo sikiliza na utazame mkanda. Ukipiga kelele asubuhi unapowasha, umelegea au umechakaa. Ugeuze utazame upande wa ndani; ukiona nyufa za kukatisha, umefika mwisho. Katika nyingi ya gari hizi mkanda unaoendesha jenereta ndio pia unaozungusha pampu ya maji. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka ghafla ukiwa njiani, usiseme utaangalia betri ukifika. Simama. Huenda mkanda umekatika, na injini itachemsha kabla hujafika kituo kinachofuata.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua gari. Vigari vingi, zikiwemo Vitz na Passo nyingi, havina mshale wa kuonyesha joto la injini. Vina taa tu kwenye deshibodi: ya buluu wakati injini ina baridi, nyekundu ikizidi joto. Nyekundu ikiwaka, wakati wa kujadiliana umepita. Zima eisi, toka barabarani, zima injini. Usifungue mfuniko kwa haraka. Maji yenye shinikizo hurukia uso na kuunguza vibaya. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi, maana silinda hedi ya alumini hupinda au kupasuka, na hitilafu ya mia chache huwa ya maelfu mengi.

Tairi nazo zinasema ukizisoma. Pembeni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na vina vya kupendeza huku mpira wake umeshakuwa mzee, na lami ya mchana huku kwetu haina huruma na mpira mzee. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Upime tairi likiwa baridi, na usisahau lile la akiba kwenye buti.

Nanyi wa Diani, Tiwi na Msambweni, hewa yenu ya bahari ina neno lake na betri. Ule ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ndio unaofanya gari likatae kuwaka siku ya dharura. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha vichwa kwa maji ya vuguvugu yenye baking soda, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, paka grisi kidogo. Unaporudisha, anza na chanya. Mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya kazi hii akisimamiwa, na ni vizuri aifanye, wa kike na wa kiume, ili akue akijua kwamba gari halina uchawi.

Nina ombi pia kuhusu kuharibikiwa njiani, kwa sababu hapo maisha ya watu yanaingia hatarini. Beba pembetatu zile tunazoziita laifseva, uziweke mbali mbele na mbali nyuma ya gari. Trela lenye mzigo halisimami kwa ghafla. Watu wako wasikae ndani ya gari. Watoke, wasimame mbali na lami. Na kama umetumia mawe au matawi kuwaonya wengine, tafadhali, ukiondoka yaondoe yote. Mawe yanayoachwa barabarani hungoja bodaboda ya usiku, na anayeipanda ni kijana wetu.

Mafundi wetu wa Ukunda, Kinango, Samburu na Mackinnon Road, nanyi nawageukia kwa heshima, kwa kuwa mikono yenu ndiyo inayotufikisha. Acheni mazoea ya kung'oa thamostati kila gari linapochemsha. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta na kuchakaa upesi, na kasoro halisi hubaki palepale. Pimeni feni, fiuzi na relei yake kwanza. Mwonyesheni mteja spea mliyoitoa na mumweleze iliharibikaje. Mteja anayeelewa hurudi, na huleta wenzake.

Wafanyabiashara wa kando ya barabara, tusiuze soda na maji ya kunywa tu. Kulanti, klipu za mipira, fiuzi na mifuniko ya rejeta haviozi, na siku moja kitu hicho kidogo kitamwokoa msafiri na kukupa riziki. Wakuu wa kaunti, Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Vifungueni Jumamosi moja kila mwezi, wenye magari waje wafundishwe mambo haya na vijana wanaosomea umakanika. Kijana atapata mazoezi na wateja wa kesho, mwenye gari atapata elimu, na barabara itapungukiwa na magari yaliyokwama.

Madereva wengi husimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kuomba dua ya safari njema. Ni desturi nzuri na idumu. Tuiongezee jambo moja: ukishaomba, fungua boneti utazame maji, mkanda na mipira kabla hujaondoka.

Na wewe usiyeharibikiwa, ukimwona mwenzako amekwama, punguza mwendo, egesha pahali salama, uliza kinachohitajika. Mara nyingi ni spana, waya wa kuchaji betri, au mtu wa kumweleza kwamba taa nyekundu haina subira.

Kwa hiyo, kabla ya safari yako ijayo, fanya mambo matatu. Nunua daftari dogo, liweke kwenye kiboksi cha mbele, uandike kila unachobadilisha, tarehe yake na kilomita zake. Liangalie gari siku mbili kabla ya kuondoka, ili fundi apate siku ya kurekebisha. Na ujaze mtungi wa lita 10 za maji safi bombani kwako, uufunge vizuri, uutie kwenye buti. Ukifika Taru salama na maji yale hujayagusa, simama kwenye boma lolote lililo karibu na barabara, bisha hodi, na umwachie mama mwenye nyumba mtungi huo. Watakaofanya hivyo wakiwa wengi, tutakuwa tumeanza kulipa deni ambalo barabara hii imekopa kwa akina mama wa Taru kwa miaka mingi.