Nyumba ya Mzee Imlipie Uzee Wake

Katika familia nyingi za Tanzania, mali ya mzee huanza kuitwa mirathi angali hai. Ikitolewa hoja ya kuuza kiwanja cha Kibaha ili baba apate mazoezi ya viungo baada ya kiharusi, hakosekani mtu kwenye kikao cha ukoo atakayeuliza: "Sasa watoto wataachiwa nini?" Swali hilo hupokewa kama neno la busara. Mimi naliona ni dhuluma, kwa sababu linamsimamisha mwenye mali mwisho wa foleni ya mali yake mwenyewe.

Sheria zetu nazo zimelilea. Kwa siku za baada ya msiba tuna utaratibu mrefu: kikao cha ukoo na muhtasari wake, maombi ya msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, tangazo, mgawanyo. Anayetaka kuandika wosia anaweza kuuhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Lakini ile miaka iliyo kati ya siku mzee anaposhindwa kujiogesha na siku anapozikwa haina utaratibu wowote wa maana. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, ila imo katika sehemu ambayo ibara ya 7 imeizuia mahakama kuitekeleza kwa nguvu. Makazi ya serikali kama Nunge, Kolandoto na Bukumbi ni ya wazee wasio na mtu. Mwenye nyumba na watoto sita anahesabiwa kuwa ana watu.

Uangalizi wenyewe una gharama ambazo wajumbe wa kikao hawazioni kwa sababu si wao wanaoamka usiku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Asipogeuzwa, ngozi ya makalio na visigino inaanza kubadilika rangi, inachubuka, kisha panachimbika kidonda kinachoweza kufika kwenye mfupa. Kuna pampasi za wakubwa, glavu, dawa za presha, uji wa kupitishwa kwenye mpira, nauli ya muuguzi wa kusafisha kidonda. Kundi la WhatsApp la ukoo huchanga kwa moyo wote mwezi wa kwanza na wa pili. Kufika mwezi wa sita anatuma mmoja, na waliobaki wanaandika "Mungu amponye mama yetu". Anayegeuza mgonjwa ni binti, mara nyingi yule ambaye hajaolewa au aliyeachika, aliyefunga genge lake la mboga ili akae na mama.

Mama akifariki, huyo binti anapata nini? Tamko la Sheria ya Mila la 1963, Tangazo la Serikali namba 436, linalohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, linawapanga warithi kwa madaraja. Mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume la pili, mabinti wote la tatu. Halimuulizi mtu nani alikuwa akimlisha marehemu.

Tamko hilohilo lina kanuni kuhusu mjane ambayo kila mwenye mama angepaswa kuijua: mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Yaani tayari tunayo sheria ya matunzo ya uzeeni. Kasoro yake ni kwamba imemnyang'anya mwanamke mali, ikampa ahadi isiyo na kiasi, isiyo na tarehe na isiyo na wa kuisimamia. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imekiuka haki zao na kuitaka ibadili sheria hizo.

Msimamo wangu ni kwamba mali ya mzee imtunze mzee kwanza, na kitakachosalia ndicho kiitwe mirathi. Nyumba ya Tandika yenye vyumba sita, mzee akibaki na viwili, kodi ya vinne inaweza kumlipa msaidizi wa mchana. Kiwanja kilichokaa miaka bila msingi kinaweza kuuzwa mzee akiwa bado na akili ya kukubali na nguvu ya kutia saini. Na mtoto anayeacha kazi ili amtunze mzazi aandikiwe malipo ya mwezi, hata kama fedha taslimu haipo. Yakiandikwa vizuri, malipo hayo yanakuwa deni, na deni la marehemu hulipwa kabla ya warithi kugawana. Waislamu wanaijua kanuni hiyo tangu madrasa: gharama za maziko, madeni, wosia usiozidi theluthi, ndipo mafungu. Msimamizi wa mirathi wa Mahakama ya Mwanzo naye anatakiwa kulipa madeni kwanza. Hivyo binti hahitaji kusubiri Tamko la 1963 lifutwe, ingawa linastahili kufutwa. Anahitaji karatasi, mashahidi, na daftari la matumizi ambalo ndugu zake wanaweza kulifungua siku yoyote.

Najua wanaosema kwamba kumlipa mtoto kwa kumwosha mama yake ni kuuza radhi. Naiheshimu hofu hiyo, lakini wanaoisema kwa sauti kubwa ni wale ambao radhi zao hazijawagharimu usingizi. Hofu nzito zaidi ni ile ya kurubuniwa: anayeshika kijiko ndiye anayeshika kalamu, na mzee anayemtegemea mtu mmoja kwa chakula anaweza kukubali lolote. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana makubaliano yafanywe mapema, mzee akiwa timamu, watoto wote wakijulishwa, na awepo shahidi asiye na fungu katika mali.

Mzee asiye na nyumba wala kiwanja hasaidiki na hoja hii. Kwake jibu ni serikali, na mfano uko karibu: Zanzibar tangu Aprili 2016 inampa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni, hata kama hakuwahi kuajiriwa, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hazitoshi kumlipa mwangalizi. Ila ni za mzee mwenyewe, na hazimsubirishi mtu kikao cha ukoo.

Jambo moja linabaki mikononi mwa Bunge. Wengi wakimwona mzazi ameanza kusahau majina, hukimbilia kuandikisha hati ya uwakilishi ili mtoto mmoja ashughulikie benki na wapangaji. Kwa Sheria ya Mikataba, uwakala hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Hati hiyo basi inakufa mwezi uleule ilipoanza kuhitajika, na familia inabaki kuomba mahakama imteue msimamizi au kutumia kadi ya benki ya mgonjwa kwa siri. Uingereza, tulikoirithi kanuni hiyo, iliirekebisha mwaka 1985 kwa hati inayoendelea kuwa hai mwenyewe anapopoteza uwezo, ikaiboresha kwa sheria ya 2005. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa kuongeza vifungu vichache katika sheria iliyopo: hati isajiliwe, daktari athibitishe utimamu siku ya kutia saini, na mwakilishi atoe hesabu kila mwaka kwa RITA, ambayo tayari inatunza wosia.