Pesa Yako Iko Kwenye Foleni: Usiitume Mara ya Pili

"Pesa imekatwa lakini haijafika." Hiyo ndiyo sentensi tunayoijua kuliko zote, hasa kati ya tarehe moja na tarehe tano ya mwezi, wakati mwenye nyumba anangoja kodi yake, na tena wiki ya kwanza ya Januari shule zinapofunguliwa. Mtu akishaisema, hufanya moja kati ya mambo mawili. Anatupigia simu akiwa amewaka, au anatuma tena. Kuwaka hakuna shida, tumezoea. Kutuma tena ndiko tunakotaka kuzungumzia leo, maana ndiko kunakoumiza mfuko.

Tuuseme msimamo wetu mapema. Malipo yanayosubiri kwenye foleni yako salama kuliko malipo yanayosukumwa kwa nguvu ili yafike haraka. Na kampuni zote za malipo, yetu ikiwemo, zina wajibu wa kumwambia mteja wazi kwamba "bado iko njiani", badala ya kukimbilia neno "imeshindikana" ili aondoke kwenye simu.

Hebu tuanze na kitu ambacho wengi hawaambiwi. Ukiangalia skrini ya simu yako, ni rahisi kudhani kuna daftari moja kubwa mahali fulani lenye pesa za kila mtu. Haliko. Sisi tuna hifadhidata yetu. Benki ina yake, sacco ina yake, kampuni ya stima ina yake, na shule ya mtoto wako huenda ina programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta ya karani. Ukilipa karo ya shilingi 12,000, daftari letu linatoa 12,000 na daftari la upande wa pili linaongeza 12,000. Kati ya madaftari hayo mawili hakuna noti inayosafiri. Kinachosafiri ni ujumbe tu: "mteja huyu, akaunti hii, kiasi hiki, nambari ya muamala ni hii."

Sasa, ujumbe huo ukitumwa moja kwa moja, kama mtu anayemrushia mwenzake mpira, utaanguka siku mwenzake hayuko tayari. Na kuna siku nyingi hayuko tayari. Mafundi wameizima seva usiku kuirekebisha. Wachimba barabara wamekata kebo. Au ni mwisho wa mwezi tu, kila mtu analipa saa ile ile. Ndiyo maana ujumbe huandikwa kwanza kwenye foleni, pahali panapouhifadhi hata stima ikipotea, na unakaa hapo mpaka upande wa pili ujibu: nimepokea, nimeandika.

Anayeishi kwenye mtaa wa maji ya mgao ataelewa upesi. Tangi lililo juu ya paa halipo ili kukuchelewesha. Lipo kwa sababu maji huja kwa wakati wake, na wewe unayahitaji kwa wakati wako. Foleni yetu ni tangi hilo. Malipo yakiingia kwa kishindo saa kumi na mbili jioni, yanatulia pale, kisha yanatoka kwa kasi ambayo benki au sacco inaweza kuimeza. Tukiyamwaga yote kwa mpigo, seva ya upande wa pili inalemewa na kuanguka, halafu hata wale ambao malipo yao yangepita kwa sekunde mbili wanakwama pamoja na wengine.

Kuna wanaosema dawa ni kununua seva kubwa zaidi na kuzisogeza karibu. Inasaidia, hatukatai. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, iliendeshwa kwa seva zilizokuwa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka wa 2015, na ni wazi kwamba ujumbe ukikatiza bahari hukawia zaidi ya ule unaoishia hapa nyumbani. Lakini hata ukiwa na seva kubwa kama jumba, kasi ya malipo yako ni kasi ya yule mpokeaji aliye polepole kuliko wote. Daftari la sacco ya kijijini haliongezi mbio kwa sababu sisi tumenunua mashine mpya.

Hapo ndipo kazi ya kupanga foleni inapokuwa kazi ya maana. Foleni moja ndefu ya watu wote ni upumbavu: sacco moja ikizima mitambo, wanaolipa stima wanangoja nyuma yake bila hatia. Kwa hivyo kila mpokeaji anafaa kuwa na laini yake. Ndani ya laini hiyo, ujumbe wa akaunti moja lazima ufuatane kwa mpangilio ulioingia. Kama umeweka shilingi 500 kisha ukatoa 400, na ile 400 ikaruka mbele, utaambiwa huna salio ilhali pesa unayo. Akaunti tofauti zinaweza kwenda sambamba, lakini akaunti moja haifai kujipita yenyewe. Na ujumbe wenye kasoro, tuseme nambari ya akaunti isiyokuwepo kwa mpokeaji, haufai kuziba njia. Unajaribiwa mara kadhaa, kila mara ukipewa muda mrefu kidogo kuliko mara iliyotangulia, ukigoma unawekwa pembeni ili binadamu auangalie. Jumbe za matangazo, zile za "shinda zawadi", ziende nyuma kabisa. Kwetu hilo si la kujadiliwa. Ujumbe wa mtu aliyelipia dawa hauwezi kusukumana na tangazo.

Turudi kwa anayetuma tena.

Kuna jambo moja ambalo foleni yoyote ya pesa lazima ilikubali: wakati mwingine malipo yamefika, yameandikwa, lakini lile jibu la "nimepokea" limepotea njiani. Sisi huku hatujui. Kwa upande wetu, malipo yaliyofika bila jibu na malipo ambayo hayakufika kabisa yanafanana kama mapacha. Kwa hivyo mtambo unatuma ujumbe ule ule tena. Je, mpokeaji atahesabu mara mbili? Hapana, mradi daftari lake limetengenezwa vizuri, kwa sababu ujumbe wa pili una nambari ile ile ya muamala. Anaiangalia, anaona tayari ameiandika, anajibu "hii ninayo" na kuendelea na shughuli zake.

Mfano wa jambo hili umefungwa ukutani kwako. Ukiingiza tokeni ya stima yenye tarakimu 20, mita inaongeza yuniti. Ukiiingiza tokeni hiyo hiyo mara ya pili, mita inakataa. Haijapiga simu kwa mtu yeyote kuuliza. Inakumbuka tu kwamba tokeni hii ilishapita. Kila tokeni hubeba alama ya dakika iliyotengenezwa, ikihesabiwa tangu mwanzo wa 1993, na alama hiyo ndiyo huzuia udanganyifu. (Nafasi ya kuhesabia dakika hizo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo sababu mwaka ule watu walilazimika kuingiza nambari za ziada kwenye mita zao. Wengi walidhani ni ujanja wa mtu fulani. Ilikuwa hesabu tu.)

Lakini mambo ni tofauti kabisa wewe mwenyewe ukituma tena. Unapofungua menyu upya, ukaandika nambari ya biashara, kiasi na nambari yako ya siri, unazaa muamala mpya wenye nambari mpya. Mashine haijui kwamba hilo ni lile lile la kwanza ukiwa na hasira. Kwake, umelipa karo mara mbili, na kuna wazazi wanaolipa karo mara mbili kihalali, kwa watoto wawili. Foleni ikifunguka, malipo yote mawili yanapita. Sasa una kazi ya kuomba urudishiwe, na pesa iliyokwishaingia kwa akaunti ya mtu mwingine hairudi kwa kubonyeza kitufe: mpokeaji huulizwa, na akishaitumia ni hadithi nyingine. Tumeona 12,000 ya kusubiri dakika ishirini ikigeuka 12,000 ya kufuatilia wiki mbili.

Najua utauliza, na ni swali la haki: na kama niko hospitalini, mgonjwa anangoja kulazwa, niambiwe nikae kwenye foleni? Hapana. Hapo tunasema ukweli mwingine: usitume tena kwa njia ile ile, na usiuache ule muamala wa kwanza bila kuuripoti. Lipa kwa njia nyingine kabisa kama unayo, kadi au taslimu, kisha tupigie uombe ule wa kwanza usimamishwe kabla haujatoka. Muamala ambao bado uko foleni ni rahisi kuuzuia kuliko uliofika. Na hospitali na shule, kwa upande wao, zikubali kuangalia nambari ya muamala kwenye mfumo wao badala ya kumwambia mzazi "tuma tena tuone". Kauli hiyo imegharimu watu pesa nyingi, na anayeitamka huwa hapotezi hata shilingi.

Ndiyo maana tunalishikilia hili la lugha. Skrini ikisema "imeshindikana" wakati ukweli ni "hatujajibiwa bado", kampuni imemsukuma mteja atume tena. Hivyo pia menyu inapokatika katikati kwa sababu muda umeisha: kukatika kwa menyu si kushindwa kwa malipo, ni mazungumzo tu yaliyokatika. Majibu ya kweli ni matatu: imefika, haikufika na pesa imerudi, au bado iko njiani. La tatu halipendezi kwa matangazo. Bado ni afadhali liandikwe, pamoja na saa ambayo tutatoa jibu kamili.

Jambo la mwisho linahusu ile SMS. Nayo ina foleni yake, mbali na foleni ya pesa. Simu yako ikiwa imezimwa, SMS inangoja kwa mtambo wa mtandao hadi uiwashe, ilhali pesa ilifika zamani. Kwa hivyo SMS isiyofika haimaanishi pesa haijafika, na SMS iliyofika, masikitiko, haimaanishi pesa imefika. Matapeli wanaishi kwenye pengo hilo. Mmoja anakuja kibandani kwako, anachukua unga na mafuta, anakuonyesha ujumbe aliouandika mwenyewe, halafu anasema mtandao uko chini. Mwingine anakutumia ujumbe wa uongo kwamba amekutumia 3,500 kimakosa, tafadhali mrudishie, mtoto ni mgonjwa. Mama mboga, angalia salio lako, si simu ya mteja. Kama salio halijaongezeka, hakuna cha kurudisha. Na kama mteja ni wa kila siku na unamwamini, andika nambari ya muamala kwenye daftari lako la mkopo mpaka ithibitike; hiyo pia ni foleni, na umekuwa ukiiendesha vizuri miaka yote.

Ukitupigia kuhusu malipo yaliyokwama, kuwa na vitu vitatu mkononi: nambari ya muamala kama uliipata, kiasi kamili, na saa uliyotuma. Kwa hivyo tu tunaweza kuona ujumbe wako uko wapi: bado kwetu, umetoka bila kujibiwa, au umewekwa pembeni kwa sababu ya nambari ya akaunti iliyokosewa. Hatutakuuliza nambari yako ya siri. Mtu akikupigia akisema anaweza "kuisukuma" pesa yako foleni ukimpa nambari hiyo, kata simu, kisha piga ile nambari yetu iliyo kwenye programu.